Foleni ya dharura Nakuru huanzia vijijini Subukia

Kila mara msongamano katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru unapozungumziwa, macho ya wengi huelekezwa kwenye majengo yake. Viongozi huahidi wodi mpya, vitanda zaidi na madaktari wa ziada. Wagonjwa nao hulalamikia saa wanazokaa wakisubiri kuitwa. Ni nadra kusikia mtu akiuliza wagonjwa hao walitoka wapi, walipita mbele ya vituo vingapi vya afya wakiwa njiani, na kwa nini hawakusimama.

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Subukia, bonde lililo takriban kilomita 40 kutoka Nakuru kando ya barabara kuu ya kwenda Nyahururu. Kaunti ndogo hiyo ina wadi tatu, yaani Subukia, Waseges na Kabazi, na wakazi wake wengi ni wakulima wa mahindi na maharagwe na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kwa mtu anayeugua usiku katika kijiji kilicho mbali na lami, safari ya kutafuta tiba huanza kwa bodaboda kwenye njia ya udongo, kisha matatu au gari la kukodi. Akielekea upande mmoja atafika Nakuru kupitia Bahati. Akielekea upande wa pili atapanda hadi Nyahururu, ambako kuna hospitali ya rufaa iliyo chini ya kaunti jirani ya Laikipia. Mpaka wa kaunti humsumbua mhasibu. Mgonjwa hufuata barabara.

Wataalamu wa afya ya umma wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba kitengo cha dharura cha hospitali kubwa hupokea matokeo ya yale yaliyotendeka, au yaliyoachwa kutendeka, mbali na hospitali hiyo. Maji yanayofurika bondeni hunyesha milimani. Kuongeza upana wa mto chini bila kutazama chanzo chake juu ni kazi isiyokwisha.

Ngazi sita za huduma

Ili kuelewa hoja hiyo, ni vyema kufahamu jinsi huduma za afya zilivyopangwa nchini Kenya. Mfumo una ngazi sita. Ya kwanza ni jamii yenyewe, ambako wahudumu wa afya ya jamii huzuru familia nyumbani. Ya pili ni zahanati, ambayo aghalabu huendeshwa na wauguzi. Ya tatu ni kituo cha afya, ambacho hutarajiwa kuwa na tabibu, maabara na huduma ya kujifungua. Ya nne ni hospitali ya kaunti ndogo, kama ile ya Subukia. Ya tano ni hospitali ya rufaa ya kaunti, kama ile ya Nakuru ambayo kabla ya ugatuzi ilikuwa hospitali kuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa. Ya sita ni hospitali za rufaa za kitaifa, zikiwemo Kenyatta jijini Nairobi na Moi jijini Eldoret.

Mpango huo ulikusudiwa kutumika kama ngazi ya kawaida, ambayo mtu huipanda kidato kwa kidato. Mtoto mwenye kikohozi hupimwa kwanza katika zahanati. Akionekana kuzidiwa, hupelekwa kituo cha afya au hospitali ya kaunti ndogo. Ni wale tu ambao hali zao zinahitaji daktari bingwa, upasuaji mkubwa au chumba cha wagonjwa mahututi ndio wanaostahili kufika Nakuru, tena wakiwa na barua ya rufaa na, inapowezekana, ndani ya ambulensi.

Vidato vya chini ndivyo vinavyoitwa huduma za msingi. Kazi yake si kugawa dawa za maumivu pekee. Huko ndiko watoto huchanjwa, wajawazito hufuatiliwa, wenye kisukari hupimwa sukari, na wenye shinikizo la damu hupewa vidonge vyao kila mwezi. Mataifa ya dunia yalipokutana Alma-Ata, katika Muungano wa Kisovieti wa wakati huo, mnamo Septemba 1978, yalikubaliana kwamba huduma za aina hiyo ndizo msingi wa afya ya umma. Miaka 40 baadaye, mwaka wa 2018, yalikutana tena Astana, nchini Kazakhstan, na kuirudia ahadi ile ile.

Kazi ya kitengo cha dharura

Kitengo cha dharura kina kazi yake maalumu, na wakazi wa Nakuru wanaijua kwa uchungu. Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lililopata ajali huko Sachang'wan, karibu na Molo, lilishika moto wakati wananchi walipokuwa wakichota mafuta yaliyomwagika. Zaidi ya watu 100 walifariki na wengi wakaachwa na majeraha mabaya ya moto. Usiku wa Mei 9, 2018, kingo za bwawa la Patel zilipasuka huko Solai, eneo linalopakana na Subukia, na maji yakasomba nyumba na watu. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Katika usiku wa aina hiyo, thamani ya hospitali ya rufaa hupimwa kwa idadi ya mikono iliyo tayari, vitanda vilivyo wazi, na damu iliyomo katika hifadhi.

Kwa sababu hiyo, kitengo cha dharura hakifuati utaratibu wa aliyetangulia kufika. Muuguzi aliye mlangoni hupima mapigo ya moyo, kupumua, shinikizo la damu na fahamu, kisha huwapanga wagonjwa kulingana na uzito wa hali zao. Katika mifumo mingi, uzito huo huonyeshwa kwa rangi. Mwenye rangi nyekundu huhudumiwa papo hapo, wa rangi ya chungwa na wa njano humfuata, naye wa kijani husubiri hadi nafasi ipatikane. Mtu aliyefika alfajiri akiwa na maumivu ya koo anaweza kuona watu kumi waliofika baada yake wakitangulizwa, na asielewe kwamba hakuna aliyemdhulumu.

Wengi hudhani kwamba wagonjwa wa kijani ndio chanzo kikuu cha msongamano. Ukweli una pande mbili. Utafiti uliofanywa katika mkoa wa Ontario nchini Kanada na kuchapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba wagonjwa wenye matatizo mepesi waliongeza muda wa kusubiri wa wengine kwa kiasi kidogo mno. Sababu ni rahisi: mwenye maumivu ya koo hahitaji kitanda, na hutibiwa kwa dakika chache. Anayekijaza kitengo ni yule aliyezidiwa, anayehitaji kulazwa ilhali wodi zimejaa.

Bila shaka, mahali penye wauguzi wachache, hata mgonjwa wa dakika chache hugharimu kitu. Huchukua nafasi katika sajili, katika maabara na mbele ya dirisha la dawa. Hata hivyo, jambo la kuzingatia ni kwamba huduma za msingi zinapokosekana, mikondo miwili ya wagonjwa huelekea hospitali kubwa. Wa kwanza ni wa wale ambao hawakuhitaji kufika huko kamwe. Wa pili, ambao ndio mzito, ni wa wale ambao hawangehitaji kufika huko iwapo wangetibiwa mapema.

Hesabu ya mgonjwa

Tukianza na mkondo wa kwanza, si haki kumlaumu mgonjwa anayepita mlango wa zahanati na kwenda moja kwa moja mjini. Mara nyingi huwa amepiga hesabu.

Zahanati nyingi nchini hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, na nyingine hazifunguliwi mwisho wa wiki. Magonjwa hayafuati ratiba hiyo. Mkulima anayeshinda shambani, au kibarua anayelipwa kwa siku, hupata nafasi ya kujitazama baada ya jua kutua, wakati mlango uliobaki wazi ni ule wa kitengo cha dharura.

Jambo la pili ni dawa. Kaunti hununua dawa kutoka kwa Mamlaka ya Usambazaji Dawa na Vifaa vya Matibabu, KEMSA, na katika miaka iliyopita madeni ya kaunti yamewahi kuifanya mamlaka hiyo isitishe usambazaji. Mgonjwa anayepewa karatasi ya kwenda kununua dawa dukani baada ya kupanga foleni kutwa hulikumbuka jambo hilo kwa muda mrefu kuliko anavyokumbuka mara tatu alizopewa dawa.

La tatu ni vipimo. Iwapo zahanati haina maabara, muuguzi atamwandikia mgonjwa aende kituo kingine. Mwenye nauli ya safari moja tu huona heri aitumie kwenda mahali ambako kila kitu kinapatikana chini ya paa moja.

La nne ni imani. Mzazi ambaye mtoto wake alikaribia kufa kwa kuwa hakutambuliwa mapema kwamba ana nimonia hatarudi pale pale kwa sababu bango la serikali linamwambia afanye hivyo. Imani hujengwa kwa kumkuta mhudumu yule yule, mahali pale pale, akiwa na dawa ile ile inayohitajika.

Ukijumlisha mambo hayo manne, kwenda Nakuru moja kwa moja si ujinga. Ni uamuzi wenye busara katika mazingira yasiyofaa. Kasoro ni kwamba maelfu ya watu wanapofikia uamuzi huo kwa pamoja, kila mmoja wao huumia.

Dharura zinazokua polepole

Mkondo wa pili hauonekani kwa urahisi kwa sababu anayefika kwa njia hiyo huwa mahututi kwelikweli, na hakuna anayeuliza kama alistahili kuja.

Chukua mfano wa shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulibainisha kuwa takriban robo ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Ugonjwa huo hauumi. Mtu huishi nao miaka kumi akilima na kukamua ng'ombe, hadi asubuhi moja anapoamka upande mmoja wa mwili ukiwa umepooza. Siku hiyo, kitengo cha dharura humpokea kama mgonjwa wa rangi nyekundu. Lakini dharura yake haikuanza asubuhi hiyo. Ilianza miaka kumi nyuma, katika zahanati ambayo mashine ya kupimia ilikuwa imeharibika au ambayo yeye hakuwa na sababu ya kuingia.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwenye kisukari anayefikishwa akiwa amepoteza fahamu, mwenye pumu aliyeishiwa na dawa ya kuvuta, mtoto aliyeanza kuhara siku tatu zilizopita na sasa amekauka maji, na mama mjamzito ambaye kifafa cha mimba kinamshika kwa kuwa shinikizo lake la damu halikupimwa kliniki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika afya ukuta huo hujengwa kwa gharama kubwa, wakati mwingine ukiwa umechelewa.

Mwaka wa 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza vifo vya akina mama kwa namna ambayo hadi leo hutumiwa kote duniani. Walisema kwamba mama hufa kwa sababu ya ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kukifikia kituo, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kipimo hicho kinafaa pia kwa magonjwa mengine. Kwa mkazi wa Waseges, uamuzi huchelewa kwa kuwa hana wa kumshauri kama hali ni hatari. Safari huchelewa kwa sababu ya barabara na nauli. Na huduma huchelewa kwa sababu ya foleni inayomsubiri mlangoni. Zahanati inayofanya kazi hupunguza zote tatu kwa pamoja. Muuguzi wake hutambua hatari mapema, huwa karibu, na humtuma mgonjwa akiwa na rufaa inayomwezesha kupokelewa bila kuanza upya.

Somo la ada

Historia ya Kenya yenyewe inaonyesha jinsi mlango wa chini unavyoathiri mienendo ya wagonjwa. Mwaka wa 1965, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilifuta ada zilizokuwa zikitozwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vya umma. Hali ilibadilika Desemba 1989, wakati mpango wa kugawana gharama ulipoanzishwa na wagonjwa wakatakiwa kulipa tena.

Matokeo yalionekana haraka. Utafiti wa mwanauchumi Germano Mwabu na wenzake, uliochapishwa mwaka wa 1995, ulieleza kuwa katika kipindi cha ada hizo mahudhurio katika vituo vya serikali walivyovichunguza yalipungua kwa karibu nusu. Serikali iliposimamisha ada mwaka wa 1990, mahudhurio katika vituo vya afya vya serikali yaliongezeka kwa asilimia 41 katika miezi saba iliyofuata. Ada zilirejeshwa baadaye kwa awamu.

Julai 2004, serikali ilipunguza malipo hayo hadi shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika vituo vya afya. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika wilaya za Kwale na Makueni na kuchapishwa mwaka wa 2009 ulibaini kuwa vituo vingi havikuufuata mwongozo huo kikamilifu, kwa kuwa pesa hizo ndogo ndizo zilizotumiwa kuwalipa vibarua na kununua vifaa vya kila siku. Hatimaye, Juni 1, 2013, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa ada zote katika zahanati na vituo vya afya vya umma, pamoja na kufanya huduma ya kujifungua kuwa ya bure.

Funzo la miaka hiyo ni kwamba hata ada ndogo humfukuza maskini mlangoni. Lakini kuna funzo la pili: ada inapofutwa bila kituo kufidiwa pesa kilizopoteza, mlango hubaki wazi huku rafu za dawa zikiwa tupu.

Bure peke yake haitoshi

Mtu anaweza kudhani kwamba mara watu wote watakapokuwa na bima, vitengo vya dharura vitapumua. Uzoefu wa Marekani unatoa tahadhari. Mwaka wa 2008, jimbo la Oregon liliwapa baadhi ya watu wenye kipato cha chini bima ya umma kwa njia ya bahati nasibu, jambo lililowawezesha watafiti kulinganisha waliopata na waliokosa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014 yaliwashangaza wengi. Katika miezi 18 ya kwanza, waliopata bima walitembelea vitengo vya dharura kwa takriban asilimia 40 zaidi ya wenzao, hata kwa matatizo ambayo yangeweza kutibiwa katika kliniki za kawaida. Kizuizi cha pesa kilipoondolewa, watu walikwenda mahali walipopazoea na palipokuwa wazi.

Uingereza inatoa upande wa pili wa hoja. Huko matibabu kwa daktari wa mtaa hayalipiwi, hivyo kinachotofautiana ni urahisi wa kumwona. Utafiti kuhusu mwaka wa 2010 na 2011 ulionyesha kwamba kliniki ambazo wagonjwa wake walipata nafasi kwa haraka zaidi zilikuwa na takriban asilimia 10 pungufu ya watu waliojipeleka wenyewe katika vitengo vya dharura na kuruhusiwa kurudi nyumbani, zikilinganishwa na zile zilizochelewesha zaidi. Katika eneo la Manchester, kliniki kadhaa ziliongeza saa za kazi jioni na mwisho wa wiki mwaka wa 2014. Wagonjwa wao waliojipeleka hospitalini kwa matatizo madogo walipungua kwa takriban robo.

Ukiweka mifano hiyo bega kwa bega, jambo moja hujitokeza. Bei ni kizuizi, lakini si kizuizi pekee. Kinachompunguzia mtu haja ya kwenda kitengo cha dharura ni kuwepo kwa mlango mwingine ulio karibu, ulio wazi saa anayougua, na wenye mtu anayeaminika ndani yake.

Sheria mpya na majaribio yake

Kenya sasa ina sheria zinazolenga kuujenga mlango huo. Mnamo Oktoba 2023, Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya, zikiwemo Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilianza kazi Oktoba 1, 2024, ikichukua nafasi ya hazina ya NHIF iliyokuwepo tangu mwaka wa 1966. Chini ya mpango huu kuna hazina tatu. Moja hulipia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya bila mgonjwa aliyesajiliwa kutozwa pesa anapohudumiwa. Ya pili hutegemea michango ya wanachama na hulipia huduma za hospitali. Ya tatu ni ya dharura, magonjwa sugu na magonjwa mahututi.

Sheria hiyo ya huduma za msingi inazitaka kaunti kuunda mitandao ambapo hospitali ya ngazi ya nne huwa kitovu, huku zahanati na vituo vya afya vinavyoizunguka vikishirikiana nayo. Kwa eneo kama Subukia, maana yake ni kwamba muuguzi wa zahanati hapaswi kuwa peke yake. Anapaswa kuwa na daktari wa kumpigia simu, timu inayomtembelea, na njia iliyopangwa ya kumsafirisha mgonjwa.

Katika ngazi ya kijiji, zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii walipewa mikoba ya vifaa kuanzia Septemba 2023, ikiwemo mashine za kupima shinikizo la damu na sukari. Kila mmoja hutarajiwa kuhudumia takriban familia 100, na marupurupu yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi hugawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na kaunti. Iwapo mhudumu mmoja wa Kabazi atagundua watu watano wenye shinikizo la juu la damu na kuwafikisha zahanati kabla hawajaugua, huenda akawa ameiondolea Nakuru wagonjwa watano wa rangi nyekundu ambao hakuna atakayewahi kuwahesabu.

Hapo ndipo penye ugumu wa kisiasa. Jengo jipya la hospitali huzinduliwa kwa utepe na hotuba. Kiharusi ambacho hakikutokea hakina picha. Ndiyo maana pesa za vidato vya chini huwa rahisi kucheleweshwa. Na zinapochelewa, au wahudumu wanapogoma kama ilivyokuwa mwaka wa 2017, ambapo mgomo wa wauguzi ulidumu takriban miezi mitano, vituo vidogo ndivyo hufungwa kwanza, kwa kuwa zahanati inayotegemea muuguzi mmoja au wawili haina mwingine wa kuiendesha.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Pamoja na hayo yote, ni kosa kuwaambia wananchi wakae mbali na vitengo vya dharura. Kuna dalili zisizopaswa kusubiri asubuhi. Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, aliyelegea au ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapopumua, apelekwe haraka. Mjamzito anayevuja damu, au anayeumwa na kichwa vikali huku macho yakiona ukungu, asingoje. Vivyo hivyo kwa mtu mzima mwenye maumivu ya kubana kifuani, aliyepooza upande mmoja ghafla, anayetokwa na damu nyingi au aliyeumwa na nyoka.

Mtu wa aina hiyo ana haki mbele ya sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinasema kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 ikaongeza kuwa kituo kinachokataa kutoa matibabu hayo ilhali kina uwezo kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni tatu. Haki hiyo huhusu kituo chochote cha afya, kikiwemo cha kibinafsi, na hujumuisha kutulizwa kwa hali ya mgonjwa kabla ya kupelekwa kwingine. Kwa hivyo, aliye Subukia na hali yake ikiwa mbaya hana sababu ya kuvipita vituo vyote akikimbilia Nakuru. Aanze na kilicho karibu zaidi kinachoweza kumtuliza.

Kwa wasio katika hatari, jambo la manufaa zaidi ni kujisajili SHA, kukijua kituo cha msingi kilicho karibu na saa zake, na kupimwa shinikizo la damu na sukari wakiwa wazima. Kwa kaunti, mizani ni nyepesi kusomwa: je, zahanati ilikuwa wazi jioni, muuguzi alikuwepo, dawa zilikuwepo, na ambulensi ilijibu simu? Bunge la Kaunti ya Nakuru linapojadili bajeti kila mwaka, maswali hayo manne yanastahili kuulizwa kwa kila wadi, kabla ya lile la idadi ya vitanda vitakavyoongezwa mjini.